Chini ya Pati

Fundi bodi wa hapa Sirari akikuambia gari limekwisha, ana maana halionyeshi tena kwamba liliwahi kuvunjika. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yake. Utamwona akipitisha kiganja juu ya madigadi huku macho ameyafumba, anatafuta kwa vidole mpaka kati ya bati la zamani na bati jipya, na asipoupata anatabasamu. Mwenye gari naye anapitisha kiganja chake, hapati kitu, analipa. Mshona nguo anataka mshono wake usifiwe, mpishi anataka mkono wake utambulike, hata mchimba kaburi hupenda kuambiwa kwamba kingo zimenyooka. Fundi bodi peke yake analipwa ili ionekane hakuwahi kufika hapo.

Nimeishi na jambo hili kwa miezi kadhaa, tangu mimi na mjomba, kaka yake mama, tulipoanza kulifufua gari lake pale nyumbani. Ni Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Huku tunatamka Pijo. Kwa msomaji wa rika langu, ambaye gari la kwanza kulijua ni Toyota na la pili ni Toyota, niseme kidogo. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na njia yake huku ilikuwa imeshafyekwa na kaka yake, 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, jambo ambalo mjomba hulitaja kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni. 504 yenyewe ikashinda 1975 na 1978. Wakenya waliziunganisha kwao kwa miaka mingi, na zile ndefu zikawa usafiri wa abiria wa masafa kabla ya matatu za Kijapani kuziondoa barabarani.

Ya mjomba ilivuka mpaka katika miaka ya tisini, ikiwa imeshachoka. Mpaka wenyewe ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Kwa watu wa umri wake, kitu kilichopita pale kwa karatasi halali kikagongwa muhuri kina heshima ambayo mimi, niliyekua nikitumwa Isebania kununua mkate, siwezi kuihisi. Gari lilibeba mahindi, kahawa, wagonjwa wa kwenda Tarime, maharusi wawili watatu na maiti mmoja. Halafu likasimama bandani miaka 11. Mwaka jana binti yake alipata nafasi ya chuo Mwanza, na mjomba akakumbuka kwamba kuna watu Arusha na Dar wanaonunua magari ya zamani kwa bei ambayo huku ingeitwa wazimu.

Kutu ya gari huanzia ndani. Rangi inabaki inang'aa, bati linabaki na umbo lake, lakini ukigonga kwa bisibisi, bisibisi inazama. Sakafu ya upande wa dereva ilitoka mikononi kama chapati kavu. Chini ya milango ya kushoto kuna ule ubavu wa chuma, mtupu kwa ndani kama bomba, unaoshika gari lisikunjike katikati. Tuliukuta umejaa udongo wa barabara zote za kutoka hapa hadi Kisii, na chuma kimebaki jina. Tena gari hili halina chesi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo mifupa. Kwa hiyo tulipima mianya ya milango ikiwa imefungwa, tukaandika vipimo kwa chaki ukutani, tukaing'oa milango, tukaweka magogo chini, kisha tukachomelea nondo ya muda kukingama uwazi wa mlango kabla ya kukata chochote. Ukiukata ubavu ule gari likiwa halijashikwa, bodi inalegea milimita chache tu, na milango haifungi tena maisha.

Vipande vipya vya 504 huku havipo dukani. Tulinunua shiti ya geji 18, tukaikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Mashine ya mageti na madirisha, ile ya vijiti, hutoboa bati la unene wa milimita moja kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo tuliazima mashine ya waya, mafundi wanaiita migi, pamoja na mtungi wa gesi yake. Unashika nukta hapa, unaruka unashika nukta kule, unasubiri hadi uweze kuweka kiganja, unarudi katikati. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinavuta, na ukikimbia na mshono kwa pupa bati linajikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Mita moja ya mshono ilitula siku nzima. Umeme ukikatika, siku mbili. (Wengine hutumia mabati ya paa. Zinki yake ikiungua, moshi ule huleta homa usiku, na maziwa ambayo mafundi hunywa kama dawa sioni yanazuia nini.)

Madigadi ya mbele hayakuhitaji moto, maana hufungwa kwa bolti. La kushoto tulilipata kutoka gari lililokufa, la kijani, tukalifunga asubuhi moja. Nalitaja kwa sababu hakuna mtu yeyote, hata mimi, aliyeona swali la maadili katika madigadi lile. Bolti ina kichwa, na kila anayefungua boneti anakiona.

Waliosoma falsafa watakuwa wameshanitangulia. Plutarch aliandika juu ya chombo cha Theseus, ambacho Waathene walikitunza kwa kuondoa ubao mmoja uliooza na kuweka mwingine, hadi wanafalsafa wakawa wanabishana kama bado ni kile kile. Karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza chumvi: kama mtu angeziokota mbao zote zilizotupwa akaunda chombo cha pili, kipi kingekuwa cha Theseus? Nilipofundishwa hili Mlimani lilininyima usingizi wiki nzima. Siku hizi halininyimi. Kwetu Wakurya majina ya vizazi huzunguka: Saai, Nyamburiti, Gamunyere, Maina, kisha Saai tena; na mzunguko wa pili, Chuma, Mairabe, Gini, Nyangi. Mtoto wa Maina ni Saai. Waliokuwa Saai zamani wote wamekwisha kufa, na Saai wapo, na sijawahi kumsikia mzee akikesha kwa kujiuliza kama ni wale wale. Bibi alikuwa na jembe lililobadilishwa mpini mara nne na bapa mara mbili, likabaki kuwa jembe la bibi hadi alipofariki. Tunakijua kitu kwa kazi yake, kwa jina, kwa kutokatika kwake mikononi mwa watu. Fumbo la Theseus ni la mtu aliyesimama ufukweni. Anayepanda chombo ana swali jingine kabisa: ubao upi ni dhaifu, na nani anajua?

Swali hilo lilitufikia kwa simu. Mnunuzi mmoja wa Arusha aliyesikia habari za gari alipiga, akasalimia kwa heshima, akauliza jambo moja tu: "Mzee, bodi ni orijino?"

Mjomba akasema ni orijino. Alipokata simu akanigeukia. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "hayo mambo ya sakafu tuyaache."

Hoja zake hazikuwa za kijinga, na ninamtendea haki nikizieleza kama alivyozieleza. Kwanza, bati tulilochomelea ni nene kuliko lile la kiwandani, kwa hiyo sakafu ya leo ina nguvu kuliko ilivyokuwa siku gari linatoka kiwandani. Kwa nini mtu apunguziwe bei kwa kupewa kilicho bora? Pili, mnunuzi ana macho, na kama macho yake hayatoshi aje na fundi wake. Ya tatu ndiyo iliyonikaa. Alisema mambo ya ndani husitiriwa. Mtu mzima hafungui shati kuonyesha makovu kila anaposalimiwa.

Kusitiri. Neno lilitoka Kiarabu, na Kiswahili kikalijengea nyumba kubwa. Nguo hutusitiri, nyumba hutusitiri, mke na mume husitiriana. Hata kumzika mtu ni kumsitiri. Anayemkuta jirani yake amelewa akamwingiza ndani kabla watoto hawajamwona, huyo amesitiri, na hakuna atakayemshitaki kwa kuuficha ukweli. Watu wasio na sitara ni watu katili, na ushahidi tunao kwenye simu zetu: mtu akianguka barabarani, kamera hufika kabla ya mkono. Kwa hiyo silikubali lile jibu jepesi la vijana tuliosoma, kwamba kila kitu kiwekwe wazi na uwazi ndio wema. Ningekuwa na imani hiyo ningeacha mshono wa ubavu ukiwa mbichi, na makunyanzi yake yote, nikauita uaminifu. Ungekuwa uvivu tu.

Je, pati ni sitara? Nilikaa na swali hili nikiwa na msasa mkononi, nikilainisha ile pati ya kijivu, na jibu nililolipata linaanzia kwa kuangalia anayefunikwa ni nani. Katika sitara, anayefunikwa ndiye mwenye aibu, na kifuniko kikitoka atakayeumia ni yeye. Kovu la mjomba likionekana, atakayeona haya ni mjomba. Lakini ubavu wa gari ukiachia kwenye kona, au gari likigongwa ubavuni na chuma kisishike, mjomba atakuwa nyumbani anakunywa chai. Atakayeumia ni aliyekaa ndani. Hapo kilichofunikwa si aibu ya mwenye nacho. Ni hatari ya mtu mwingine, amefichwa yeye mwenyewe. Mtu wa pembeni akikutazama hawezi kutofautisha, maana mikono ni ile ile, pati ni ile ile na rangi ni ile ile.

Labda tunachanganya kwa sababu hata maneno yamechanganyika. Aibu, katika Kiarabu ilikotoka, ni kasoro, hata ya bidhaa. Sheria ya Kiislamu ya mauzo inampa mnunuzi aliyegundua kasoro iliyokuwapo kabla hajanunua hiari ya kuirudisha bidhaa. Kiswahili cha leo kinalitumia neno hilo zaidi kwa uso wa mtu kuliko kwa mali yake. Basi mjomba anapoambiwa ataje kasoro ya gari, anasikia anatakiwa kutaja aibu yake. Alinijibu kama mtu aliyeombwa avue nguo.

Hoja ya macho ya mnunuzi ina zaidi ya miaka 2000. Katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoiki kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Diogenes wa Babeli anaona muuzaji aseme lile ambalo sheria inamtaka aseme, basi. Kunyamaza ni jambo moja na kuficha ni jingine. Antipater, mwanafunzi wake, anaona kumwacha mnunuzi atumbukie huku unamtazama ni kama kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Cicero anaegemea kwa Antipater. Mimi pia, ingawa naona Diogenes angefanikiwa sana kibiashara hapa mpakani.

Iliyonisumbua kweli ni hoja ya unene wa bati. Kama sakafu mpya ina nguvu kuliko ya zamani, hatari iko wapi? Nikinyamaza nimemnyima nini mnunuzi? Ilibidi nirudi kwenye chuma chenyewe. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa pili, ndani ya ule uwazi ambako brashi haifiki, na kutu ya pili huanzia palepale. Tuliacha matundu ya kutolea maji, tukamimina oili chafu ndani kama wafanyavyo wote, lakini baada ya miaka mitano au kumi mtu atapaswa kuinama na kuangalia pale, kando ya mshono. Asiyejua mshono upo hatainama. Atapitisha kiganja juu ya rangi, hatapata kitu, ataendelea na safari. Kumbe nisichomwambia si historia ya gari, ambayo labda haimhusu. Ni mahali pa kuangalia. Na hata kama bati letu ni nene mara mbili, mahali pa kuangalia pamebaki palepale.

Ukikaa Sirari huwezi kusema hujui uzito wa habari za kitu kilikotoka. Wilaya yetu inajulikana nje kwa wizi wa mifugo kuliko kwa kahawa yake, na kila mzee ana hadithi ya ng'ombe aliyelala na alama moja akaamka na nyingine. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo, baadaye zikaja hereni za kielektroniki, yote kujibu huyu ni wa nani na ametoka wapi. Gari nalo lina namba yake ya chesi. Tulipokuwa tunakata, sehemu ile hatukuigusa hata kwa brashi ya waya, maana mtu akiona alama za grinda karibu na namba ana haki ya kudhani mengine. Hapakuwa na ubishi juu ya hilo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyebandika kitambaa. Namba inamlinda aliyekuwa mwenye gari. Mshono wa sakafu unamhusu atakayekuwa mwenye gari, ambaye hatujamjua, hana ukoo hapa na hawezi kuja kulalamika kwa wazee. Sidhani ni bahati mbaya kwamba tunalinda kimoja na kingine tunakiita siri ya ndani.

Lakini nisijifanye malaika kwa fedha za mtu mwingine. Kwa hesabu ya mjomba, tofauti kati ya bei ya gari la orijino na bei ya gari lililobadilishwa sakafu ilikuwa ada ya mwaka mzima. Mimi sina binti chuoni. Cicero hatuambii muuzaji wa ile nyumba alitaka fedha za nini, na nadhani angetuambia, mabishano yasingekuwa safi namna ile. Kuna wakati nilimtazama mjomba akihesabu kwenye kikokotoo cha simu nikaona falsafa yangu yote ni anasa, kama suti kwenye shamba la mihogo.

Nilichomwomba kilikuwa kidogo. Pati ibaki. Mshono usagwe hadi kiganja kisiupate, rangi ipigwe, gari listirike, lipendeze kama lilivyopendeza siku za maharusi. Ila picha nilizopiga kila hatua (nilizipiga ili nikumbuke bolti ipi inarudi wapi, wala si kwa ajili ya maadili) tuzichapishe, tuandike nyuma ya kila moja ni sehemu gani na bati la unene gani, tuziweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya gari.

"Na akizitazama akaondoka?" mjomba akauliza.

Nikamwambia atakuwa ameondoka.

Hakusema ndiyo wala hapana. Bahasha ilikaa juu ya kabati wiki tatu, kati ya Biblia na betri ya sola iliyokufa.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, kijana wa miaka arobaini hivi, mpole, amepitia Musoma. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa kitambaa, akaanza kuipitisha kwenye bodi kuanzia mlango wa nyuma. Ni mtihani wa zamani na ni mzuri: penye pati nene sumaku haishiki. Ilishika kila mahali. Ilishika madigadi, ikashika ubavu wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, maana pati yetu ilikuwa nyembamba na chini yake ni chuma kitupu. Sumaku haijui kutofautisha chuma cha miaka arobaini na chuma cha mwaka jana. Akasimama, akaikunja ile sumaku kwenye kitambaa chake, akasema, "Mzee, hongera, umelitunza."

Mjomba alinyamaza kwa muda ambao ningeweza kuuhesabu. Kisha akamwita shangazi alete gunia, akalitandika chini upande wa kushoto. "Bwana," akamwambia, "lala kwanza uone sakafu."

Walilala wote wawili. Mimi nilibaki nimesimama nimeshika bahasha, nikiona miguu minne imetokeza, na kwa chini nilisikia mjomba akieleza nukta na nukta, nondo ya muda, mita moja kwa siku nzima, matundu ya maji yako hapa na hapa. Sauti haikuwa ya mtu anayeungama. Alikuwa anajisifu.

Bei ilishuka. Haikushuka nusu, wala haikushuka kidogo. Ada ilikamilika baada ya kuuza ng'ombe wawili, mmoja akiwa na mimba, na mpaka leo ng'ombe hao wakitajwa mjomba hutazama upande niliokaa.